Bahari Upande wa Kulia

Kofia ilikuwa ya kitambaa cha kijivu, imechakaa ukingoni. Inspekta Letteria Bonanzinga aliigeuza mara mbili juu ya meza kabla ya kumwuliza chochote yule aliyeileta. Hakupenda watu wanaoleta kofia huku wameshaamua kuwa mwenye kofia amekufa.

"Rudia," alisema. "Polepole, ukivuta pumzi. Umeikuta wapi?"

"Kwenye kivuko, Inspekta. Sitaha ya juu, benchi la mwisho, pale pale kando ya ukingo." Placido Irrera, afisa wa kivuko, alikuwa amepanda ngazi za kituo cha polisi wa reli mbiombio. "Abiria wote wameshuka. Mabehewa ya treni yametoka tumboni mwa kivuko. Kofia ndiyo imebaki. Nimekaa kwenye mlango huu wa bahari miaka mingi, najua maana yake."

"Maana yake kuna kichwa kinachopigwa na jua mahali fulani. Zaidi ya hapo bado hatujui."

Placido alinuna. Upande wa pili wa meza binti mmoja alitoa sauti ndogo na kujiziba mdomo. Huyo ndiye aliyekuja wa kwanza, na ndiye aliyefanya jioni ya Letteria iharibike. Aliitwa Agatina Zappalà, mfamasia katika duka la dawa karibu na stesheni ya Messina, na bado alikuwa na koti lake jeupe. Mbele yake kulikuwa na sanduku la safari, jaketi lenye pasipoti, pochi na simu, mkoba mdogo wa dawa, na mkate wenye jibini uliofungwa vizuri. Vyote vilikuwa vya Nunzio, kaka wa bibi yake, ambaye kwake ni babu.

"Tuanze upya," Letteria alimwambia. "Safari yake uliipanga wewe?"

"Mimi, kila hatua. Ametoka Buenos Aires, Inspekta. Aliondoka kijana, hajarudi hata mara moja, sasa ana miaka themanini na moja. Ndege imetua Roma alfajiri. Nikamwachia muda wa kutosha wa foleni ya pasipoti, maana watu wengi wanapanga treni kana kwamba mlango wa ndege unafungukia kwenye behewa. Halafu treni ya kutoka uwanjani mpaka Termini, stesheni kuu ya Roma. Pale nikamwachia tena muda, anywe kahawa, aende msalani. Ningeweza kumpandisha treni ya kasi, lakini angelazimika kubadilisha njiani. Nikasema hapana. Nimchukulie inayokuja polepole, inayoingia kwenye kivuko na abiria wake na kutokea Sicilia. Akae kiti kimoja tu." Aligusa jaketi la mzee. "Nilipanga yote hayo ili babu asibadilishe treni."

"Na wewe ulikuwa umsubiri hapa Messina."

"Nipande naye, twende Lentini. Bibi Venera yupo stesheni kule tangu mchana, amevaa gauni la harusi za watu, hataki kuondoka. Nimepanda behewa la Siracusa, linalopita Lentini, nimekuta jaketi kwenye kiti. Yeye hayupo. Nimeshusha vitu, treni imeondoka."

Letteria alimtupia jicho msaidizi wake, Saro Vadalà, aliyekuwa ameegemea kabati. Saro alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye njaa wakati wote. Alikwishapiga simu kwa walinzi wa pwani bila kungoja kuambiwa.

"Boti mbili zimetoka," alisema.

"Wacha zitafute. Zikirudi mikono mitupu tutashukuru." Letteria akavuta ule mkoba wa dawa. Ndani kulikuwa na kalamu ya insulini na kifuniko cha sindano kilichotumika, kikiwa bado na tone la damu lililokaukia. Akatazama mkate. Ulikuwa mzima.

"Huwa anajidunga lini?"

"Kabla tu ya kula. Nilimwagiza akifika kwenye kivuko ajidunge, ale ule mkate, asisubiri…" Agatina akainamia meza. Alikuwa ameuona mkate kwa mara ya kwanza, japo ulikuwa mbele yake muda wote. "Hajala."

"Amejidunga, hajala."

"Dawa ile haimsubiri mtu. Sukari inashuka. Anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anachanganyikiwa. Halafu anazimia, na asipopata mtu wa kumsaidia…"

"Ana muda gani?"

"Angekuwa mteja wangu," Agatina alisema, "ningesema muda umekwisha."

Hapo Letteria alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye magoti yanayomsumbua, na watu wa kituo kile walijua kwamba akisimama bila kulalamika, jambo limekuwa zito.

"Saro, niletee mtu wa baa ya kivuko."

"Yupo nje, Inspekta. Nilimwambia asubiri."

"Mungu akubariki. Mlete."

Melo, muuza baa, aliingia akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoshwa na wanadamu, lakini aliposikia jina la mzee alilainika.

"Yule wa Argentina! Namkumbuka, nimkose vipi? Kila anayerudi nyumbani hupanda juu kununua arancino, mnajua wenyewe. Hujafika Sicilia mpaka ule donge la wali la kwenye kivuko, hata kama mamako anakaanga zuri zaidi. Wananunua mawili, matatu. Yeye akanunua moja, kwa sarafu za mfukoni. Nikamwambia, kula lingali moto, mzee. Akasema si lake, ni la dadake. Siku alipoondoka, dadake alimsindikiza mpaka ng'ambo. Walikuwa na arancino moja tu, wakaigawana pale pale sitahani, msichana akarudi peke yake. Akamwahidi, nikirudi nitakuletea nzima." Melo akakohoa. "Foleni nzima ililia. Hata mimi nililia, na mimi siwapendi abiria."

"Alikula kitu kingine?"

"Hata maji hakunywa."

"Alikuwa na kofia?"

"Alikuwa nayo. Hiyo hapo."

Placido alinyoosha mkono kuelekea kofia, kama wakili aliyeshinda kesi. "Ndiyo ninayosema! Mzee, machozi, miaka yote ile, ukingo uko karibu. Amejitupa, au ameteleza."

"Benchi lenyewe linatazama wapi?" Letteria aliuliza.

"Mdomoni mwa bandari. Upande wa Mama."

Hakuna aliyehitaji kuuliza mama gani. Sanamu ya Bikira Maria imesimama juu ya nguzo yake pale bandari inapoanza, imeinua mkono kuwabariki wanaoingia.

"Saro," Letteria alisema, "ukipita mbele ya Mama unafanya nini?"

"Mimi? Navua kofia, napiga ishara ya msalaba."

"Kwa mkono upi?"

"Wa kulia, Inspekta. Wengine wanatumia upi?"

"Na mkono wa kushoto umeshika arancino ya dadako. Kofia utaiweka wapi?"

Saro alitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Akatazama kofia.

"Benchini," alisema.

"Benchini. Na tangu kumpita Mama mpaka kutia nanga ni dakika chache tu, watu wote wanakimbilia ngazi kuwahi mabehewa. Mtu mwenye macho yaliyojaa machozi hasahau kofia?" Akamgeukia Placido. "Na wewe bwana wa bahari, niambie. Kama aliteleza baada ya Mama, alianguka ndani ya bandari, maji yametulia, mbele ya abiria wote. Nani amepiga kelele?"

"Hakuna," Placido alikiri.

"Na mtu anayetaka kufa hafungi chakula cha dadake kwenye karatasi." Kwa mara ya kwanza Letteria alimtazama Agatina machoni. "Babu yako hakuanguka, binti. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Alishuka chini walikoshuka wengine. Swali ni behewa gani aliingia."

Agatina alipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani, ila alijua mzigo wa pili bado. "Lakini treni ni moja. Nilimkatia ya moja kwa moja."

"Ni moja mpaka ng'ambo. Kivuko hakina urefu wa kumeza treni nzima, kwa hiyo wanaikata, vipande vinalazwa sambamba, kila kimoja kwenye reli yake. Ikifika hapa, kipande kimoja kinakwenda Siracusa na kingine Palermo. Hakubadilisha treni. Treni ndiyo ilibadilika chini yake, wakati yeye yuko juu ananunua wali."

"Lakini hilo alilijua!" Melo alidakia. "Nilimwambia mwenyewe, mzee, ukishuka soma kibao cha behewa. Akanicheka. 'Mwanangu, nimevuka hapa kabla baba yako hajaota ndevu. Ya kwetu ni reli ya kushoto ukishuka ngazi.'"

Placido alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Bwana Irrera," Letteria alisema kwa upole wa kutisha, "leo reli ya kushoto mlipakia nini?"

"Ya Palermo," Placido alijibu. "Siku hizi kushoto ni ya Palermo."

"Miaka mingi kwenye mlango wa bahari," alinung'unika Saro.

Mkaguzi wa tiketi wa kipande cha Palermo aliitwa Gandolfo, na alipopokea simu alijibu kama mtu aliyevunjiwa heshima. Tiketi zote alikwisha kuzikagua huko bara. Baada ya Messina aliwakagua waliopanda Messina tu, ndivyo inavyofanywa. Hakuna mzee asiyejulikana kwenye treni yake.

"Bwana Gandolfo," Letteria alisema, "sikuulizi ulichokagua. Nakuomba utembee. Simu sikioni, behewa hadi behewa, uulize watu kwa sauti. Mzee, hana jaketi, hana kofia, ameshika kitu kwenye karatasi."

Walimsikia akitembea. Walisikia milango, mtoto akilia, mtu akicheka. Agatina alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, yenye lafudhi nzito ya Palermo.

"Huyo babu? Alikuwa amekaa mbele yangu, jamani. Aliingia, akalala hapo hapo, maskini, eti ametoka kwenye ndege. Tulipotoka kwenye handaki akafumbua macho, akatazama dirishani, akaruka. 'Bahari imehama!' anasema. 'Bahari iko kulia!' Nikamwambia, baba, bahari siku zote iko kulia, tunakwenda Palermo. Akageuka mweupe kama karatasi. Anatetemeka, jasho linamtiririka. Nikamwambia kula hicho ulichoshika. Akasema si changu. Treni iliposimama Milazzo akashuka. Nilitaka kumshika mkono, akaniaga kwa heshima kabisa, nikashindwa."

"Mama, asante," Letteria alisema. "Asante sana. Hujui ulichotupa."

"Mkimpata mniambie," yule mama alisema. "Sitalala."

Atokaye Messina kwenda Siracusa huiona bahari kushoto kwake njia nzima. Nunzio alikuwa amesahau mengi huko ugenini, lakini hilo hakulisahau, na ndilo lililomtoa kwenye treni. Letteria alishukuru kimyakimya kwa bahari iliyojua kukaa mahali pake.

"Milazzo," alisema. "Stesheni yenyewe iko nje ya mji, dirisha la tiketi limefungwa. Hana pesa, hana simu. Anataka kurudi kwenye njia yake. Agatina, wewe ndiye mpangaji. Kuna treni gani?"

Binti hakuhitaji kufungua kitu. Alikuwa amekaa na ratiba zile wiki nzima. "Kuna ya mkoa inayotoka Palermo, itasimama Milazzo muda si mrefu. Akifika nayo hapa, anawahi ya mwisho ya kwenda Lentini. Lakini hatapanda, Inspekta. Hana tiketi. Babu yangu hapandi kitu asichokilipia, namjua kwa simu tu lakini namjua. Atakaa kwenye benchi aone aibu mpaka azimie."

"Cettina," alisema Saro ghafla.

"Cettina nani?"

"Ana baa pale mbele ya stesheni. Vitumbua vyake vya jibini…"

"Saro, leo tumbo lako litaokoa mtu. Mpigie!"

Cettina alipokea huku mashine ya kahawa ikinguruma. Letteria alimwambia maneno matano, na walisikia kikombe kikiwekwa na mlango ukisukumwa. "Niko nje," ilisema sauti. "Navuka barabara… naingia… Yupo! Yupo kwenye benchi la kwanza. Mzee, mzee wangu, unanisikia? Ananisikia. Lo, amelowa kama aliyetolewa kisimani. Namtilia maji ya sukari? Nirudi kuchukua?"

"Usimwache!" Agatina aliinamia simu. "Ana chakula mkononi, ale sasa hivi. Babu! Ni mimi, Agatina. Kula hiyo arancino."

Sauti iliyojibu ilikuwa nzito na ya mbali, ikijikwaa. "Agatina… nimepotea, mwanangu. Mimi, kwenye nchi yangu."

"Hujapotea, tumekuona. Kula, babu."

"Siwezi. Ni ya Venera. Nilimwahidi nzima."

"Babu, utakufa!"

"Nilimwahidi nzima," alirudia, kwa ukaidi wa mtu ambaye akili inamtoka na kilichobaki ni neno lake tu.

Letteria alinyakua simu ya mezani. "Namba ya bibi yako. Haraka." Agatina aliitaja. Simu iliita mara moja tu huko Lentini.

"Ameshafika Messina?" aliuliza bibi kizee, bila hata kusalimia. "Mbona kimya? Nimekaa kwenye benchi hili mpaka limeota mizizi."

"Mama Venera, ni polisi. Kaka yako ni mzima, lakini ana njaa, na ameshika chakula hataki kula kwa sababu ni chako. Nakupa umwambie wewe."

Akaziweka simu mbili uso kwa uso juu ya jaketi la mzee. Chumba kizima kikainama.

"Nunzio," ilisema simu ya Lentini.

Kulikuwa na pumzi upande wa pili, kisha kilio kidogo. "Venera. Nimekuletea. Nzima."

"Mpumbavu mkubwa wewe. Mwanamume wa themanini na moja! Umekuja kunizika au kunifanya nikuzike? Kula."

"Ni yako."

"Basi sikiliza, kama ni yangu naigawa mimi. Siku ile aliigawa nani?"

"Wewe."

"Nilikupa kipande kikubwa, ukadhani sikuona kwamba ulikiona. Sasa vunja. Nusu yako, nusu yangu. Nusu inanitosha, Nunzio, nimekaa na nusu miaka yote hii. Kula nikusikie."

Walisikia karatasi ikichakarika. Walisikia Cettina akisema, "Taratibu, baba, taratibu, hivyo hivyo." Kisha wakasikia mtu anatafuna, na Melo akageukia ukuta.

"Iko baridi," alisema Nunzio mwishowe.

"Shauri yako," alijibu Venera. "Malizia."

Cettina alimwongezea juisi ya machungwa yenye sukari, akamkatia tiketi kwenye mashine, na baadaye alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja. Treni ilikuwa imeshafungua milango, mzee akakataa kupanda mpaka agonge tiketi muhuri kwenye kile kisanduku cha ukutani, maana tiketi isiyogongwa ni kama hujalipa. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kibovu. Cettina alimsimamishia treni kwa mwili wake mlangoni huku mzee anatafuta cha pili. "Sitaki shukrani," alisema. "Nataka picha yake na dadake, nitundike baa."

Jua lilikuwa bado juu ya milima treni ya mkoa ilipoingia Messina. Agatina alimpima sukari kwanza, akamkumbatia baadaye, akarudi kumpima tena. Nunzio alikuwa mdogo wa umbo kuliko walivyomdhania. Mkono wake mmoja ulishika karatasi iliyofungwa upya kwa uangalifu.

Letteria alimpa kofia. "Uliisahau kwa Mama."

"Nilimvulia," mzee alisema. "Nikapiga msalaba. Nikaona nyumba, nikasahau kila kitu." Aliishika kifuani bila kuivaa, akamwinamia Letteria, akamwinamia Saro, Melo, na hata Placido, ambaye alikuwa amekuja kujificha nyuma ya nguzo. "Walinambia nikirudi sitamkuta mtu anayenijua. Asanteni, wanangu. Mmenijua."

Letteria alimpeleka mpaka mlango wa treni ya mwisho. "Panda, mzee. Hii ndiyo ya Siracusa, nimesoma kibao mwenyewe. Bahari itakuwa wapi?"

"Kushoto."

"Ikihama, unipigie."

Boti mbili zilirudi mikono mitupu, na Saro aliwaambia walinzi wa pwani asante mara nyingi mpaka wakamwuliza kama amelewa. Letteria aliandika ripoti yake kwa mistari michache. Alikuwa anafunga dirisha simu ya mezani ilipolia, namba ya Lentini.

Akaipokea. Alisikia honi ya treni ikiondoka, sauti ya Agatina ikicheka mbali, na karibu kabisa na sikio lake, mtu anatafuna, bila haraka, kama mwenye meno machache.

"Mama Venera?"

"Subiri, mwanangu," alisema bibi kizee, mdomo umejaa. "Hii niliyokatiwa safari hii ndiyo kubwa."